Kuwaka Si Kupona

Katika Kiswahili neno kosa hubeba mizigo miwili kwa wakati mmoja. Mtu akiiba amefanya kosa, na gari likikataa kuwaka huulizwa lina kosa gani. Ubovu wa chuma na uovu wa mtu vimepewa jina moja, na jambo hili si dogo, kwani majina yakichanganyika na maswali nayo huchanganyika: badala ya kuuliza ni nini kilichoharibika, watu huuliza ni nani aliyeharibu. Neno sababu lina tabia nyingine. Limetoka katika Kiarabu, na huko asili yake ni kamba, yaani kitu cha kushikwa ili kukifikia kingine, kama ndoo ivutwavyo kutoka kisimani. Baina ya maneno haya mawili, kosa la kulaumiwa na kamba ya kufuatwa, ndipo lilipo swali la makala haya: mtu aliyeitwa kutengeneza kitu, akakifanya kikaenda bila ya kujua kilikuwa na nini, je, ametimiza wajibu wake?

Swali hili laweza kuulizwa juu ya tabibu, juu ya mwalimu, hata juu ya mtawala. Lakini hudhihirika zaidi kwa fundi wa magari, na hasa magari ya zamani, kwa kuwa humo chanzo na matokeo vimekaa pamoja chini ya boneti moja, na hakuna kompyuta ya kuficha lolote wala ya kumnong'oneza fundi jibu. Pahala pafaapo kulitazama ni Songea, makao makuu ya Mkoa wa Ruvuma, kusini mwa Tanzania. Landrova, gari lililoonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi wa Aprili 1948, ndilo lililozoeleka katika njia za nchi hii kabla ya lami. Serikali ililitumia, wenye mashamba walilitumia, na misheni nazo kadhalika. Zile za muundo wa Series III, zilizotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, wengine wangali wanazitunza na kuziendesha hadi leo.

Songea ni mji wa mwinuko, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi za Juni na Julai baridi yake huingia mifupani, na kuanzia mwisho wa mwaka hadi Aprili mvua na ukungu huingia kila palipo na upenyo. Basi gari la petroli la miaka hamsini lina sababu nyingi za kukataa kuwaka alfajiri. Betri iliyochoka hupungukiwa nguvu kwa baridi. Unyevu hujipaka ndani ya kifuniko cha distribyuta. Kabureta huhitaji choki. Waya uliokwisha kula kutu hupitisha umeme leo, kesho ukakataa. Hizi zote huonekana kwa mwenye gari kama jambo moja tu: ufunguo umezungushwa, na gari halikuwaka.

Yafaa kueleza kwa ufupi jinsi moto wa injini kama hii unavyopatikana, kwa kuwa hoja yote imesimama hapo. Betri ina volti 12, nazo hazitoshi kurusha cheche ndani ya silinda. Umeme huo hupitishwa katika koili, ambamo mna nyaya mbili zilizozungushwa pamoja, moja nene yenye mizunguko mamia, nyingine nyembamba yenye mizunguko maelfu kwa maelfu. Ndani ya distribyuta mna pointi, vijipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana kadiri mhimili unavyozunguka. Zinapogusana, umeme hupita katika waya mnene na koili hujaa nguvu ya sumaku. Zinapoachana, nguvu ile huanguka ghafla, na katika waya mwembamba huzaliwa umeme wa maelfu ya volti, ambao rota huugawa kwa kila plagi kwa zamu: ya kwanza, ya tatu, ya nne, ya pili. Kondensa kazi yake ni kuzuia cheche isipotelee kwenye pointi zenyewe. Hivyo moto wa plagi hupatikana pale mkondo unapokatwa. Na ukataji huo, injini ya silinda nne ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, hutokea mara 4,000 kwa dakika hiyo hiyo. Nafasi baina ya pointi haizidi sana unene wa kucha. Ikipungua au ikizidi kidogo tu, gari huwa gumu kuwaka.

Mbele ya chombo kama hiki mafundi huenda njia mbili.

Fundi wa njia ya kwanza huanza kwa kusikiliza. Je, stata inazungusha injini kwa nguvu, au inagugumia? Ikigugumia, hagusi plagi wala kabureta. Hutazama betri, vichwa vyake, na waya unaokwenda kwenye bodi. Ikizungusha vizuri na gari haliwaki, hujiuliza swali moja tu: limekosa moto, au limekosa mafuta? Hufungua plagi moja akaitazama. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yamefika na hayakuchomwa. Ikiwa kavu, yamkini hayakufika kabisa. Kisha huchukua waya wa plagi, akausogeza karibu na chuma cha injini, akamwambia utingo azungushe. Cheche nene ya buluu ni habari njema. Cheche nyembamba ya manjano, au kutokuwapo kwa cheche, humrudisha nyuma hatua kwa hatua: kifuniko kina ufa? Rota imepasuka? Taa ndogo ya kupimia, ikiunganishwa na koili, inawaka na kuzima pointi zinapogusana na kuachana? Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu la mvua, na kazi yake ni kuyatenga mawingu moja moja. Katika hayo yote habadilishi vitu viwili kwa pamoja. Mwanafalsafa wa Kiingereza John Stuart Mill, katika kitabu chake cha mantiki cha 1843, aliiweka kanuni hii kwa maneno ya wasomi: hali mbili zikilingana katika kila jambo isipokuwa moja, na tokeo likaonekana katika hali moja tu, basi lile jambo moja ndilo chanzo au sehemu ya chanzo. Fundi ambaye hajawahi kulisikia jina la Mill huifuata kanuni hiyo kila asubuhi kwa bisibisi.

Fundi wa njia ya pili huanza kwa kubadilisha. Huvua plagi zote nne akatia mpya. Gari haliwaki. Hutia koili nyingine, pointi nyingine, na kondensa nyingine kwa mkupuo. Gari likawaka, na watu wakashangilia. Mwenye gari hulipia vitu saba, na sita kati yake huenda vilikuwa vizima. Wala hapana hakika hata ya hicho kimoja. Huenda kosa lilikuwa waya uliolegea nyuma ya koili, ambao kiwiko cha fundi kiliugusa alipoinama. Gari limewaka kwa bahati, na bahati hiyo imeandikwa katika bei ya vitu saba.

Mtu aweza kusema: kuna ubaya gani? Aliyeleta gari alitaka liwake, nalo limewaka. Hoja hii ina uzito, na haifai kudharauliwa. Mwenye gari ana haraka. Mahindi yako shambani, au mgeni anamngoja stendi. Fundi hana vipimo vingi, na halipwi kwa kufikiri. Hapa ipo dhuluma ambayo wateja huifanya bila ya kujijua: hulipia kitu wanachokiona mkononi, na hukataa kulipia saa nzima ya mtu aliyesimama kimya akitazama. Fundi akisema, "Nimetumia saa mbili nikagundua waya umekatika, nipe ujira wangu," ataambiwa waya ni shilingi ngapi. Akisema, "Nimetia koili mpya," atalipwa bila ya maneno. Aliyemzoesha fundi kubahatisha ni yule anayemlipa.

Hata hivyo hoja hiyo haifiki mbali, na sababu yake ni safari. Kondensa iliyochoka aghalabu hufanya kazi ikiwa baridi, ikashindwa ikipata joto. Koili nazo zina tabia hiyo. Gari lenye ubovu wa namna hii huwaka mbele ya gereji, likanguruma vizuri kwa dakika kumi, na fundi akapokea fedha zake. Kisha hutoka kuelekea magharibi, likapita Mbinga, likaanza kuteremka milima ya Wamatengo kwenda Mbamba Bay kwenye Ziwa Nyasa. Huzima kati ya kona mbili za mlima, usiku, na ndani yake yumo mama mwenye uchungu wa uzazi. Mama huyo hakuwapo gereji. Hakuuliza lolote wala hakulipa lolote. Lakini yeye ndiye aliyewekwa rehani kwa neno la fundi aliposema, "Limepona." Kuwaka kulionekana na kila mtu. Kupona kulikuwa dai, na dai lilitolewa bila ya ushahidi.

Basi ushahidi wa kujua ni upi? Jibu la gereji ni wazi kuliko majibu mengi ya vitabuni. Aliyejua ni yule awezaye kulirudisha kosa kwa hiari yake. Fundi aliyetia kondensa mpya na gari likawaka, na airudishe ile ya zamani. Gari likikataa tena, amejua. Likiendelea kuwaka, hakujua, hata kama amelipwa. Ni kazi ya dakika tano, lakini huonekana kama wazimu: nani hulirudishia gari ugonjwa ambao limekwisha kuupona? Ndiyo maana wachache huifanya. Kujaribu dhana yako kwa kutafuta namna ya kuiangusha ni adabu ngumu, na mtu aliyekwisha kushangiliwa huiona ngumu zaidi.

Itasemwa na wenye kupenda kina kwamba hata jaribio hilo halithibitishi. Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika kwamba pamba inapokutana na moto jicho huona kuungua pamoja na moto, halioni kuungua kwa sababu ya moto. Mtendaji ni Mwenyezi Mungu, na kilichobaki ni desturi ya mambo kufuatana. Ibn Rushd, aliyefariki mwaka 1198, alimjibu kwamba mwenye kukanusha sababu ameikanusha akili yenyewe, kwa kuwa akili ni kuvijua vitu kwa sababu zake. Ugomvi huu mkubwa haumalizwi na plagi. Lakini ni vyema kuona kwamba katika gereji wote wawili wangekubaliana juu ya jambo moja. Anayeamini kwamba cheche huichoma petroli kwa nguvu zake, na anayeamini kwamba kila mwako ni amri ya Mola, wote wana wajibu uleule wa kuitazama desturi ya mambo kabla ya kuisemea. Tawakali haikumruhusu mtu yeyote kusema "limepona" juu ya gari asilolijaribu.

Lipo swali jingine, nalo huwatatiza zaidi waadilifu: kamba ya sababu huishia wapi? Pointi zimeungua kwa sababu kondensa imekufa. Kondensa imekufa kwa sababu ni spea duni. Imenunuliwa spea duni kwa sababu mwenye gari hana fedha, na spea ya asili ni adimu kwa kuwa gari lenyewe halitengenezwi tena. Mwenye kuifuata kamba hii atafika kwenye biashara ya dunia nzima, na gari litakuwa bado limesimama. Mwanafalsafa Collingwood wa Oxford, katika kitabu chake cha metafizikia cha 1940, alitoa mfano ulio karibu sana na jambo hili. Gari limeshindwa kupanda kilima. Mpita njia aweza kueleza kwamba kileleni ni mbali zaidi na kitovu cha dunia kuliko bondeni, na maelezo hayo ni kweli, lakini hayamsaidii dereva. Akitokea fundi akafungua boneti, akauinua waya wa plagi uliochomoka, hapo dereva huridhika kwamba chanzo kimepatikana. Kwa Collingwood, chanzo kwa mtu ni lile jambo ambalo mkono wake waweza kulifikia na kulibadili.

Maneno haya yana makali yasiyoonekana mara moja. Ikiwa chanzo ni kile ninachoweza kukibadili, basi kila mtu ana chanzo chake, na uaminifu ni kukitaja kile kilicho mkononi mwake mwenyewe. Mara nyingi hutokea kinyume. Dereva humlaumu fundi, fundi humlaumu muuza spea, muuza spea humlaumu mwenye kiwanda, na wote kwa pamoja humlaumu utingo, kwa kuwa yeye hana wa kumlaumu. Kila mmoja amechagua sababu iliyo mkononi mwa mwenziwe. Anayefanya hivyo hudhani amejitoa lawamani, ilhali amekiri tu kwamba yeye hana la kufanya. Dereva asemaye, "Sikuangalia maji ya betri tangu Pasaka," amepoteza heshima kidogo na amepata uwezo wa kulizuia jambo lisirudi.

Hapa panarudi lile neno kosa na mizigo yake miwili. Swali la nani lina nafasi yake. Evans-Pritchard, katika utafiti wake wa 1937 juu ya Wazande, alionyesha kwamba ghala likiwaangukia watu waliopumzika chini yake, Wazande wanajua vyema kwamba mchwa wamekula nguzo. Wanachouliza ni kwa nini liliwaangukia watu hawa katika saa hii. Hilo ni swali la binadamu yeyote aliyefiwa. Hatari huja pale swali la pili linapolimeza la kwanza, mchwa wakasahauliwa, na ghala jipya likajengwa juu ya nguzo zilezile.

Songea wanalo funzo la jambo hili lililo zito kuliko la gari lolote. Kila tarehe 27 Februari mji huo huwakumbuka mashujaa wa Vita vya Majimaji walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Wapiganaji waliahidiwa kwamba dawa ya maji ingezigeuza risasi kuwa maji, na dawa hiyo ilikuja na miiko yake. Risasi zilipoua, palikuwapo jibu tayari: mwiko umevunjwa. Jibu la namna hii haliwezi kukamatwa. Aliyepona amethibitisha dawa, na aliyekufa amethibitisha mwiko. Ushujaa wa watu wale haupungui kwa kusema hivyo; walikuwa na sababu za kutosha za kuukataa utawala ule, na walilipa kwa shingo zao. Wala upande wa pili haukuwa na hekima zaidi. Gavana Götzen na serikali yake walipenda kuwanyooshea vidole waganga kuliko kutazama kodi na kazi za kulazimishwa. Waliuliza nani, wakapata shingo za kunyonga, na swali la nini likaachwa njiani. Fundi asemaye "petroli ya siku hizi mbaya" kila gari linaporudi ametumia jibu la aina hiyohiyo. Gari likienda, ni ufundi wake; likizima, ni petroli.

Wajibu wa fundi, basi, si kujua kila kitu. Hakuna awezaye, na ubovu unaokuja na kutoweka huwashinda hata mabingwa. Wajibu wake ni kutoiuza bahati kwa jina la elimu. Na uchukuliwe mfano wa mazungumzo kama haya, mbele ya gereji yoyote ya Songea:

"Limewaka, Mzee."

"Mungu mkubwa. Lilikuwa na nini?"

"Hapo bado, Mzee wangu. Nilitia kondensa mpya likawaka. Nikairudisha ile ya zamani, likawaka pia. Basi si kondensa."

"Nina safari ya Mbamba Bay kesho, kijana wangu."

"Safiri na gari jingine, Mzee. Hili liache hapa lingurume mpaka lipate joto, likizima nilione. Hili sijalijua."

Fundi huyu amekosa fedha za kondensa, na huenda akampoteza mteja kwa yule wa gereji ya pili mwenye ulimi mwepesi. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wahenga. Lakini mficha ujinga wake kifo huwaumbua wengine, na hapo ndipo uovu wake unapozidi. Neno "sijalijua" limemkinga mtu ambaye fundi hamfahamu, aliye mbali, ambaye kesho angelala njiani. Ni kazi iliyotendeka, ingawa hapana spea iliyobadilishwa.

Kwa hivyo jibu la swali ni hili. Aliyelifanya gari likaenda bila ya kujua lilikuwa na nini ametimiza nusu ya wajibu wake, na nusu ya pili ni kusema hivyo. Na mwenye gari naye ana deni. Anapaswa kuitia mkono mfukoni na kumlipa mtu aliyemwambia "sijalijua" ujira wa saa zake, tena bila ya kununa. Asipofanya hivyo, ajue kwamba neno hilo litatoweka gerejini, na siku atakayolihitaji zaidi hatampata wa kumwambia.